Kochi Lilimchagua Latifa

Usiku wa kuamkia leo niliota makochi yangu yamekata rufaa.

Nitaeleza kama ilivyokuwa, chumvi siongezi. Nilikuwa nimelala sebuleni, kwenye lile kochi kubwa la watu watatu, nimevaa gauni la wageni na hereni masikioni. Sikupanga kulala pale. Nilikuwa nimemlisha mama uji, nikamfuta mdomo, nikamwambia, "Nakuja kukugeuza sasa hivi, naaga watu tu." Nikaenda kuaga watu. Watu wangu hawaagiki upesi. Wa mwisho alipotoka, nikakaa kidogo kupumzisha miguu.

Mama yangu ni Bi Mwanakombo. Kiharusi kilimlaza mwaka juzi. Upande wa kulia wote umekufa, na maneno yakaondoka. Anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo unachubuka. Na ulishaanza: kidonda cha ukubwa wa kizibo cha soda. Mimi nauza vitenge sokoni, na mteja akishika kitenge huwezi kumwambia asubiri ukamgeuze mama. Ndiyo maana jana tulifanya usaili, tupate mtu wa kumtunza.

Nasema tulifanya, kwa sababu mimi jambo la peke yangu siliwezi. Nilijaza nyumba. Wanawake sita wa hapa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, wakiongozwa na shoga yangu Bi Chiku, ambaye anasema anamjua mtu kwa anavyovua viatu tu. Tukakaanga kaimati, tukatengeneza juisi ya ukwaju, tukasaili wawili, Latifa na Sikudhani. Latifa akapita. Leo asubuhi anaanza kazi. Sikudhani tulimwambia tutakupigia.

Basi nimelala hivyo, kochi likanigusa ubavu.

"Sogea kidogo, Mashavu," likasema. "Kikao kinaanza."

"Kikao gani? Usaili tumeshamaliza."

"Mmemaliza nyinyi. Sisi tumekata rufaa. Wale waliokuja jana walimkalia nani?"

Nikasogea.

Kabati la vyombo likafungua milango yake ya kioo, likakohoa. Hilo ndilo katibu. Ndani yake kuna vikombe vya maua, dazeni nzima, ambavyo tangu niolewe havijanywewa chai, kwa hiyo linaheshimika sana. Mjumbe wa tatu ni feni ya kusimama. Feni yangu inatikisa kichwa kulia na kushoto mchana kutwa, haikubali kitu, na kwa sababu hiyo kila mtu anaamini inajua kazi. Bi Chiku naye yupo, binadamu pekee katika jopo, na sinia la kaimati mapajani.

"Kaa, shoga," ananiambia. "Hizi kaimati ndizo alama. Kila msailiwa ana mia moja. Akikosea, tunazila."

Tayari anatafuna.

"Unakula za nani?"

"Za yule Sikudhani."

"Hajaulizwa kitu."

"Najiandaa."

Nikaomba kitanda cha mama kiingizwe kwenye jopo, kwa kuwa ndicho kinachomjua. Kochi likashusha pumzi mpaka vile vitambaa vyangu vya kufuma vikateleza mgongoni mwake.

"Kitanda ni mtu wa chumbani," likasema. "Kina maslahi."

"Basi tumuulize mama mwenyewe. Anaweza kukonyeza jicho."

"Mgonjwa ndiye mwenye maslahi kuliko wote," Kabati likasema, likiandika. "Tukianza kuwauliza wagonjwa, kesho wanafunzi nao watataka waulizwe kuhusu walimu."

Feni ikatikisa kichwa. Hoja yangu ikaanguka.

Nageuka kuangalia mlango wa chumba cha mama. Siku zote ni hatua saba kutoka kwenye kochi. Sasa sebule yangu ipo katikati ya uwanja wa mpira, zulia limetandikwa kwenye duara la kati, na mlango wa mama umesimama peke yake kule golini, bila ukuta. Majukwaa yamejaa wanawake, wanajipepea kwa bahasha za kaki. Namsikia mama anaguna. Miguno yake naijua yote. Huo ni wa kugeuzwa.

Saa ya ukutani, ambayo ukuta hauna tena na imening'inia hewani, inatangaza kwa sauti ya karani wa mahakama, "Saa mbili zimetimia. Bi Mwanakombo ageuzwe."

Nainuka. Kochi linanivuta gauni.

"Hakuna kutoka usaili ukiendelea. Ni kanuni."

"Usaili wenyewe si kwa ajili yake?"

"Ndiyo maana hatutaki kuuharibu."

Nikakaa. Hilo ndilo linaloniuma hata sasa ninaposimulia. Nilikaa.

Aliitwa Latifa kwanza. Aliingia kama alivyoingia mchana: akavua viatu, akavipanga jozi, pua zikitazama nje. Bi Chiku akanifinya paja. Jaribio lilikuwa la salamu. Huruhusiwi kuketi mpaka umwamkie kila mkubwa aliyepo, na kila shikamoo inayotoka vizuri inaotesha mkubwa mwingine. Latifa alipomwamkia Bi Chiku, palepale kando yake akachipuka bibi mwenye kanga mabegani. Huyo akaamkiwa, wakachipuka wawili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo bibi, wanakusalimu sana."

Binti hakuchoka. Aliamkia mpaka zulia likajaa, mabibi wakaanza kuketi kwenye nyasi, wengine kwenye kibendera cha kona, na sauti yake ikabaki tamu vilevile, kama mtangazaji wa asubuhi. Mimi mwenyewe niliburudika. Saa ikatangaza saa mbili nyingine, nikaisikia kwa mbali.

"Kidonda sasa ni kisosi," ikaongeza.

"Kaimati mia kwa mia," Kabati likasema. Feni ikatikisa kichwa, na safari hii wote tukaelewa kuwa ni kwa kustaajabu.

Kisha Sikudhani. Aliingia na ndala. Mguu mmoja ndani, mmoja bado nje, mama akaguna golini. Sikudhani akageuza shingo kule sauti inakotoka. Akapita katikati ya mabibi wote bila kumwangalia hata mmoja, akavuka uwanja, akasukuma mlango wa mama, akaingia.

Hapo sikuota. Mchana alifanya hivyohivyo. Alitupita watu wazima saba na sinia letu la kaimati, akaingia chumbani kwa mama, sisi tukabaki midomo wazi.

"Mwee!" wakasema mabibi mia tatu kwa mpigo mmoja.

"Katupita kama anapita uchochoroni," Bi Chiku akasema. "Sisi kuku?"

"Hana malezi," nikasema mimi. Nililisema mchana, na katika ndoto nilijaribu kuubana mdomo nisilirudie, likatoka tena, hata sauti ileile.

Kochi likatangaza sifuri. Bi Chiku akaanza kula kwa mikono miwili.

Baada ya dakika nne, Kabati lilizihesabu, Sikudhani akarudi anajifuta mikono kwenye gauni. Akakaa ncha ya kochi.

"Andika," Kochi likamwambia Kabati. "Mkao wa ukingoni. Huyu hana mpango wa kudumu."

Yakafuata maswali. Kila mmoja akaambiwa auweke udhaifu wake mezani. Latifa akafungua mkoba, akatoa kitu cheupe, kidogo, chenye manyoya, kimefungwa utepe shingoni. Kikajikunja kwenye meza ya vioo, kikapiga miayo.

"Mimi udhaifu wangu," akasema, "nikianza kazi siwezi kuiacha mpaka iishe. Nasahau hata kula."

"Jamani!" wakasema mabibi. Kabati likaomba kukipakata.

Sikudhani hakuwa na mkoba. Udhaifu wake ulikuja wenyewe kutoka nyuma ya jukwaa, mkubwa kama ng'ombe, na matope hadi magotini. Ukakanyaga zulia, ukaangusha jagi la ukwaju, ukasimama nyuma yake unahema.

"Sijui kuongea na watu," Sikudhani akasema. "Nikiulizwa kitu, maneno yananikimbia."

"Tunaona," Kochi likasema, likikusanya vitambaa vyake.

Nikauliza kama kusema kweli hakuna alama.

"Zilikuwepo," Kabati likajibu. "Bi Chiku amezila."

"Zilikuwa za moto," Bi Chiku akasema.

Halafu likaja lile swali ambalo mchana niliuliza mimi mwenyewe, kwa sababu nilisikia kuwa maofisini linaulizwa: miaka mitano ijayo unajiona wapi? Dirisha la sebule likashuka kutoka hewani, na pazia lake. Ukitaka kujibu unafunua pazia unachungulia.

Latifa akachungulia. "Najiona ofisini," akasema. "Kiti kinazunguka. Nina simu tatu, nasimamia wasaidizi arobaini."

Makofi. Mabibi wengine walisimama.

"Na mama je?" nikauliza.

"Mama yupi?" akaniuliza, kwa adabu kabisa.

Sikudhani akafunua pazia, akaangalia muda mrefu. Udhaifu wake nao ukanyoosha shingo kuchungulia.

"Bibi hayupo," akasema.

Feni ikasimama. Tangu niinunue haijawahi kusimama umeme ukiwepo.

"Kitanda kimeegemezwa ukutani," akaendelea. "Godoro lipo nje, juani."

"Tumekuuliza unajiona wapi wewe," Kochi likasema.

"Nipo uani. Nafua shuka zake za mwisho."

Nisiwafiche, niliyesimama kumfokea ni mimi. Wala si Kochi, wala si Bi Chiku. "Unamchuria mama yangu!" nikamwambia. "Umekuja kumtunza au kumzika?"

Akanitazama. Macho yake sikuyaona vizuri. Nilikuwa naangalia zulia lilivyochafuka.

"Nidanganye, mama?" akauliza.

"Useme vizuri," Bi Chiku akamjibu kwa niaba yangu. "Mwenzio mbona kasema vizuri?"

Matokeo hayakukawia. Latifa akavishwa kitambaa kimoja cha kochi begani kama nishani, wale wanawake wa majukwaani wakarusha bahasha zao juu. Kisha Kochi likamgeukia Sikudhani, na likaichukua ile sauti yangu ya mchana, yangu kabisa.

"Tumefurahi kukufahamu, mwanangu. Tutakupigia."

"Haya," Sikudhani akasema. "Bibi anataka kugeuzwa."

"Tutakupigia," Kochi likarudia.

Akaburuta ndala zake akaondoka. Udhaifu wake ukamfuata nyuma, safari hii ukikanyaga polepole usiharibu tena zulia.

"Saa mbili zimetimia," Saa ikasema. "Kidonda ni sahani ya wali."

Hapo ndipo akili ikanijia, kama inavyowajia watu waliokwisha kuaga. Nikamuuliza Kabati, "Zile dakika nne alizokuwa chumbani, alifanya nini?"

Kabati likafunua muhtasari, ukurasa kwa ukurasa. "Dakika hizo tulikuwa tunajadili kutosalimia kwake. Wajumbe walichangia kwa wingi."

"Hakuna aliyekwenda kuangalia?"

"Chumbani si sehemu ya usaili."

"Lakini kazi yenyewe ipo chumbani!"

"Kazi, ndiyo," Kochi likasema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Usaili upo sebuleni."

Nikamnyang'anya Bi Chiku simu. Namba ya Latifa ipo, ameiandika na maua pembeni. Ya Sikudhani nikaitafuta juu hadi chini.

"Namba yake aliichukua nani?"

Bi Chiku akamtazama Kabati, Kabati likaitazama feni. Feni ikatikisa kichwa.

"Shoga, sisi tulimwambia tutakupigia," Bi Chiku akasema. "Kuna aliyesema tutachukua namba?"

"Tungempigia nini sasa?" nikauliza. "Filimbi?"

"Lile neno ni la kuagana," Kochi likasema. "Kama kumwambia mtu karibu tena. Ulitaka tumwambieje, hatukutaki? Sisi tuna adabu."

Nikakimbia. Nilipovuka mstari wa uwanja nikajikuta ndani ya ghala la mkonge, refu, mwisho wake hauonekani. Mabenchi yamepangwa pande zote mbili. Watu wameketi kimya, kila mmoja ameshika simu kiganjani kama anayeshika kifaranga. Nilipoingia wakasimama wote.

"Umetupigia?" mzee mmoja akauliza.

"Hapana, baba. Natafuta mtu."

Wakakaa wote. Sauti ya watu wengi wakikaa kwa pamoja sitaisahau.

Mlangoni kuna simu ya mezani, nyeusi, ya zamani, imeketi kwenye kiti cha kuzunguka. Huyo ndiye karani. Nikamuuliza hawa ni nani.

"Ni waliofaa," akasema. "Yule pale ni fundi bomba, anasikia bomba linapovuja chini ya sakafu. Yule mwalimu wa hesabu, ana kigugumizi. Yule dereva hajawahi kugonga hata kuku. Walimwambia ajieleze, akasema mimi dereva, akanyamaza. Wapo hapa wanangoja."

"Tangu lini?"

"Huyo mama wa kitambaa cha njano alikuja na mimba. Mtoto ndiye yule, naye sasa anangoja yake."

"Na waliochaguliwa?"

"Wapo kazini," karani akasema. "Kwani huwaoni?"

Nikamweleza namtafuta Sikudhani.

"Namba?"

"Sina."

"Jina la baba?"

"Sikuuliza."

"Anakaa wapi?"

Nilijua miaka mitano ijayo anajiona wapi. Anakokaa sikuuliza.

"Tunao Sikudhani arobaini na mmoja," karani akasema, akapiga kengele yake mara moja. Wakainuka arobaini na mmoja, wakajipanga mstari mbele yangu.

Napita nawaangalia. Wote wana ndala. Wote wamenyamaza. Nauangalia uso wa kwanza, wa pili, wa kumi. Uso wa Sikudhani siujui. Alikaa mbele yangu dakika ishirini, nikampa juisi, nikamuuliza maswali tisa, na uso wake siujui. Ninachokijua ni kimoja tu, lile jambo tulilolisema mpaka jioni.

"Yule ambaye hakusalimia," nikasema, "asogee mbele."

Wakatazamana. Kisha wote arobaini na mmoja, kwa sauti moja, tamu, laini, sauti ya mtangazaji wa asubuhi, wakaniambia, "Shikamoo mama."

Walikuwa wameshajifunza.

Nikawapigia magoti. Nikawaambia jamani, mama yangu yupo kitandani, mwenye kujua kumshika aseme. Wakaniambia, "Nyumbani hawajambo?" Wakaniambia, "Tunakusalimu sana." Mmoja alikuwa na machozi, lakini naye aliniamkia tu. Karani akasema muda wa kuonana na waliofaa umekwisha, na kwamba kwa kweli haukuwahi kuwepo. Eti mimi wamenipa kwa sababu tu nimekuja na gauni zuri.

Palikuwa na mlango mdogo nyuma yake. Nikausukuma.

Ni chumba cha mama. Hakuna ghala, hakuna uwanja. Mama amelala chali, kama nilivyomwacha, na ananitazama kwa macho yote mawili, la kulia nalo likiwa zima.

"Umerudi," akasema. Ile sauti yake ya zamani, ya kuuza bajia.

"Mama, nimechelewa."

"Kuchelewa si kazi ngumu. Wageni wamekula?"

"Wamekula mama. Mgongo unauma?"

"Mgongo usiuulize." Akatupa jicho miguuni. "Ila visigino vimepumzika. Yule mtoto alivishika."

"Mtoto yupi?"

"Wa ndala. Aliingia hapa, akaniamkia, akanifunua miguu, akatazama. Nyie wote mnanitazama usoni. Yeye alitazama miguu."

"Alikuamkia?"

"Shikamoo bibi, akaniambia. Nikamwitikia ndani kwa ndani, akangoja mpaka nikamaliza kuitikia. Ndipo akanishika."

"Mama, sisi alitupita. Watu wazima saba. Hakutuamkia hata mmoja."

Mama akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nilipokuwa darasa la pili na nimerudi bila daftari.

"Mkubwa wa nyumba hii ni nani, Mashavu?"

Nikafungua mdomo. Maneno yalinikimbia, yote, na nyuma yangu nikasikia kitu kikubwa kinahema, na harufu ya matope.

"Jina lake nani, mama?" nikauliza mwishowe. "Alikwambia anakaa wapi?"

"Hakusema, sikumuuliza. Alikuwa na kazi."

Nikaamka.

Kumekucha. Feni inatikisa kichwa. Sinia la kaimati lipo chini, tupu, na kochi limeniandika mistari shavuni. Nikatoka mbio, hatua saba, nikamkuta mama amelala chali, kama nilivyomwacha jana, jicho la kushoto wazi. Sijui lilikuwa wazi tangu saa ngapi. Nikamgeuza. Shuka ilikuwa imenata mgongoni. Kidonda sikukipima na kitu, nilikiona, inatosha.

Kisha nikaenda upande wa miguu, nikalifunua lile blanketi ambalo jana, kwa pilikapilika za uji na wageni, sikuligusa.

Chini ya kila kisigino kulikuwa na ngata. Ngata kama zile tulizokuwa tukijitwika nazo ndoo za maji, ila ndogo, za kitambaa kilichochanwa, zimesokotwa vizuri, na kila moja imefungwa kwa kamba nyembamba juu ya kifundo cha mguu isitoke. Visigino vilikuwa vimeinuka juu ya godoro, havigusi. Vilikuwa vikavu, safi, vya mtu mzima wa afya. Si kazi yangu hiyo. Mimi hata kuwaza sijawahi.

Nikakishika kitambaa, nione ni cha nini, pengine cha mtandio wake. Nikajitahidi kukumbuka alivaa mtandio wa rangi gani.

Nje nikasikia hodi. Nikasikia Latifa anamwamkia Bi Chiku ng'ambo ya barabara, anamwamkia muuza maandazi, anamwamkia mke wa fundi viatu, mmoja mmoja, na wote wanaitikia kwa furaha.

Nikaanza kufungua kamba ya mguu wa kushoto, taratibu, nikijiambia nitaipeleka sokoni, nitaulizia, labda kuna atakayeujua mtandio. Mama akauvuta mguu wake usiguswe.